Prosesa ya laptop nyuzi 53 na haijapewa kazi yoyote: kwa joto la huku kwetu ni kawaida?

Msewe_Chake

Assalaam alaykum wanajamvi. Laptop ina prosesa ya Core i5-8250U, RAM GB 8, SSD ya SATA, Windows 11. Nikifunga kila kitu na kuiacha mezani, HWiNFO (programu ya kupima joto la mashine) inaonesha CPU Package (joto la prosesa nzima) baina ya nyuzi 51 na 55, na feni haizimi hata dakika moja. Kurasa nyingi mitandaoni zinasema prosesa iliyotulia iwe 35 hadi 45.

Nipo Chake Chake, chumba hakina AC, kina pangaboi tu, na Februari ya huku tunaijua sote. Nikiipa kazi nzito inaruka mpaka 88, kisha inashuka na kukaa kwenye 76. Haizimiki wala haigandi. Masuala mawili: hili joto ni la kawaida au prosesa inataka pesti mpya (ile dawa ya kupitisha moto inayopakwa baina ya prosesa na kipoozeo)? Na mtu wa Unguja na Pemba afuate namba ipi?

Karafuu_Kavu

Badilisha pesti. Prosesa hiyo ni ya 2017, kama pesti ni ya kiwandani basi imeshakuwa unga. Hakuna mjadala.

Fundi_Mlandege

Waalaykum salaam. Karafuu, pole pole shekhe, pesti hatujaifikia.

Msewe, hizo 35 hadi 45 zimepimwa na watu wanaokaa vyumba vya nyuzi 20 mpaka 23. Kipoozeo cha laptop si jokofu. Ni mirija ya shaba, mabati membamba na feni, basi. Kazi yake ni kuutoa moto kwenye prosesa na kuumwaga kwenye hewa ya chumba, kwa hivyo hata kiwe kipya hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba chenyewe. Chumba kikipanda nyuzi 10, prosesa nayo inapanda karibu 10 hizo hizo, kwa mashine ile ile na kazi ile ile. Laptop iliyosoma 40 kwenye chumba cha 21 huko Uingereza itasoma 50 kwenye chumba cha 31 Chake, na haina maradhi yoyote.

Ndiyo maana namba tupu haisemi kitu. Chukua joto la prosesa, toa joto la chumba, ubakie na tofauti. Kwa laptop ya prosesa ya wati 15 kama yako, ikiwa imetulia kikweli, tofauti ya 8 hadi 20 naihesabu kawaida. Ikifika 20 na kitu naanza kutizama. Ikipita 25 pana jambo. Hizi si sheria za kiwanda, ni mizani ya mezani, maana kuna laptop ambazo feni yake imepangwa isizunguke kabisa mpaka prosesa ifike 50 hivi ili mtu asisikie kelele. Hizo zitakaa 48 hata kwenye chumba cha AC na zimekusudiwa kuwa hivyo.

Kuhusu 88 kisha 76: ni tabia ya prosesa hiyo. Kikomo chake ni nyuzi 100, hapo ndipo inapoanza kujipunguza mwendo yenyewe. Ukiipa kazi ya ghafla inaruhusiwa kula zaidi ya wati 15 kwa muda mfupi, mara nyingi sekunde 28, halafu inarudishwa kwenye 15. Ile 88 ni ya hizo sekunde za mwanzo, 76 ni ya wati 15. Kwa Februari bila AC, 76 ni nzuri. Na kwa kweli namba hiyo ndiyo inayonizuia nisikuambie ufungue mashine: pesti iliyokufa isingekuacha ukae 76 kwenye kazi nzito.

Sasa kinachonitatiza ni kwamba kwenye kazi unasoma vizuri, ukitulia unasoma juu. Hapo natilia shaka kwamba haijatulia. Nipe namba tatu:

Joto la chumba, lipimwe mita moja kutoka kwenye laptop, si mbele ya tundu la moto. Joto la hali ya hewa la kwenye simu halifai, hilo si la chumba chako. Chini ya bati mchana chumba kinaweza kuzidi nje kwa nyuzi kadhaa. Huna kipimajoto? Izime laptop usiku kucha, asubuhi iwashe, na ndani ya dakika ya kwanza soma joto la SSD kwenye HWiNFO. SSD ya SATA inapata moto taratibu, kwa hivyo namba hiyo ya mwanzo ni karibu sawa na joto la chumba.

Wastani wa CPU Package. Fungua HWiNFO kwa kuchagua Sensors-only, usiguse chochote kwa dakika 15 baada ya kuwasha, kisha bonyeza alama ya saa iliyo chini ili hesabu zianze upya, ondoka, rudi baada ya dakika 10. Soma safu ya Average, siyo Current. Namba ya papo hapo inaruka ruka, kule kusogeza kipanya tu kunaipandisha.

Wastani wa CPU Package Power (wati zinazoliwa na prosesa), ipo kwenye ukurasa huo huo. Hii ndiyo watu hawaitazami, na ndiyo yenye siri.

Msewe_Chake

Nimepima kama ulivyosema, kipimajoto nimekiazima.
Chumba: 31.5
CPU Package, wastani: 53
CPU Package Power, wastani: wati 6.8
Cha juu kabisa ndani ya dakika 10: nyuzi 61, wati 14

Fundi_Mlandege

Ahsante, sasa tunazungumza.

53 toa 31.5 ni 21.5. Lakini tizama hiyo 6.8. Prosesa hiyo ikipumzika kweli kweli inakula wati 1 mpaka 3. Yako inakula zaidi ya mara mbili na wewe hujaigusa, na mara moja imefika 14, yaani karibu na kazi kamili. Kipoozeo chako hakina kosa: wati 6.8 kuzaa tofauti ya 21 na feni ikizunguka taratibu ni hesabu inayokubali. Kama ingekuwa wati 2 na tofauti hiyo hiyo ya 21, hapo ningemuunga mkono Karafuu.

Kwa ufupi wa fundi: joto juu na wati juu, tafuta programu. Joto juu na wati chini, tafuta uchafu, feni au pesti.

Pepo_za_Kusi

Niongezee hapo hapo. Watu wengi hawajui kwamba Windows husubiri mtu aondoke ndipo ifanye kazi zake za nyumbani. Kupanga faharasa ya mafaili (orodha ya kuyatafutia), kukagua virusi, kuandaa masasisho, vyote vimepangwa visimsumbue mtumiaji, kwa hivyo vinakimbia pale unapoiacha. Wewe unaona mashine imelala, yenyewe inaona ndiyo nafasi imepata. Mtu akija akatikisa kipanya, kazi inasita, joto linashuka, anasema "mbona sasa iko sawa?"

Namna ya kuikamata: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye orodha ya Details, panga kwa safu ya CPU, kisha kaa mbali na kipanya dakika 5 huku unatizama. Sekunde chache za mwanzo usizihesabu, maana Task Manager yenyewe inakula prosesa ikifunguka. Majina ya kutizama:

SearchIndexer.exe ni faharasa. Ukinakili mafaili mengi kwa mpigo inaweza kufanya kazi masaa mengi.
MsMpEng.exe ni Defender anayekagua virusi. Akishamaliza anatulia. Ukiweka na programu nyengine ya virusi juu yake, umejitafutia.
TiWorker.exe ni masasisho. Muache amalize, usimuue katikati.
Kivinjari ambacho umekifunga lakini bado kimo. Chrome na Edge vyote vina kitufe kwenye mipangilio ya System kinachoruhusu viendelee kufanya kazi nyuma hata baada ya kufungwa. Kizime.
System interrupts ikikaa juu ya asilimia 2 au 3 muda wote, mara nyingi ni draiva au kifaa cha USB kibovu. Chomoa vifaa kimoja kimoja.

Ukiona jina usilolijua linakula prosesa nzima mchana na usiku, na linajificha pale unapofungua Task Manager, hilo halina heri. Kuna virusi vya kuchimba sarafu za kidijitali vyenye tabia hiyo khasa, na vinakuja sana na programu za kuvunja leseni.

Halafu nenda kwenye Power Options za kizamani ndani ya Control Panel, Processor power management, utizame Minimum processor state. Iwe 5. Mpango wa High performance unaiweka 100, na laptop nyingi za mtumba zinakuja zimewekwa hivyo na aliyekuwa nayo mwanzo. Laptop nyengine mpya haioneshi ukurasa huo kabisa. Hapo badilisha Power mode kwenye Settings iwe Balanced, inatosha.

Msewe_Chake

Imeonekana. Walikuwa wawili. SearchIndexer, kwa sababu wiki hii niliingiza mafaili ya GB 60 ya skuli kutoka kwenye diski ya nje, na Chrome iliyobaki nyuma ikiwa na viongezo vitatu. Chrome nimeizuia, folda ya GB 60 nimeitoa kwenye faharasa. Minimum processor state ilikuwa 100, sasa ni 5.

Vipimo vya leo, chumba 31: wastani nyuzi 44, wastani wati 2.1. Lakini feni bado haizimi. Inazunguka kidogo kidogo lakini haisimami.

Fundi_Mlandege

Tofauti ya 13 kwa wati 2.1. Mashine yako nzima.

Feni nayo isikutie wasiwasi. Feni ya laptop ina namba mbili, si moja: inawaka ikifika pahala, inazima ikishuka mpaka pahala pa chini zaidi, ili isiwe inawaka na kuzima kila sekunde. Tuseme inawaka kwenye 52 na kuzima kwenye 42. Kwenye chumba cha 22, prosesa ikitulia inashuka mpaka 36 na feni inasimama. Kwenye chumba cha 31 inashuka mpaka 44 tu, 42 haiifikii, basi feni inabaki inazunguka kutwa. Ikishafika Julai na upepo wa kusi, chumba kikawa 26, utashangaa feni imeanza kusimama yenyewe. Namba hizo mbili kila kiwanda kinaweka zake, kuna wanaozibadilisha kwenye sasisho la BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine), lakini mimi sishauri mtu afanye sasisho la BIOS kwa ajili ya feni tu, na umeme wetu huu. Umeme ukikatika katikati na betri imechoka, utapata tofali, mashine isiyowaka tena.

Karafuu_Kavu

Sawa, nimekubali kwa hii. Lakini pesti inabadilishwa lini basi? Maana wengine humu watasoma waache mashine ziungue.

Fundi_Mlandege

Suali zuri, na jawabu haipatikani kwenye mashine iliyotulia. Ipe kazi, kwa mfano Cinebench R23 (programu ya kuipima prosesa kwa kazi nzito) ya dakika 10, huku HWiNFO ikiwa wazi.

Pesti ikikauka au kipoozeo kikiwa hakijakaa sawa, joto linaruka kutoka 45 mpaka 95 ndani ya sekunde moja au mbili, na ukisimamisha kazi linaanguka nyuzi 25 au 30 kwa mpigo huo huo. Maana yake moto hautoki kwenye kioo cha prosesa (chipu yenyewe) kwenda kwenye shaba. Shaba yenyewe bado imepoa. Weka mkono kwenye tundu la kutolea moto: hewa inayotoka ni baridi baridi ilhali prosesa inasoma 95. Alama nyengine ni viini vya prosesa kutofautiana kwa zaidi ya nyuzi 10 au 12 wakati vyote vina kazi sawa.

Uchafu ni kinyume chake. Joto linapanda taratibu, dakika 3, dakika 5, linaendelea kupanda tu. Ukisimamisha kazi linashuka kwa uvivu. Feni inapiga kelele lakini upepo unaotoka ni mdogo na una moto mkali, na sehemu ya juu ya kibodi inaunguza vidole. Hapo ukibadilisha pesti bila ya kusafisha, umetupa pesti.

Feni iliyokufa haina fumbo: HWiNFO ikiwa inaonesha mizunguko utaona 0 huku prosesa iko 80, au utasikia mkwaruzo.

Uchafu unakaa sehemu moja maalum, baina ya feni na yale mabati membamba. Ukitizama kwa nje kwenye tundu utaona mabati safi, kumbe nyuma yake pana zulia la vumbi na nyuzi za nguo. Ukipuliza kwa nje bila ya kufungua, unalisukuma zulia lirudi ndani ya feni, siku mbili baadaye limerudi pale pale. Fungua, ling'oe kwa kibanio, kisha ndiyo upulize. Na ishike feni kwa kidole unapopuliza. Ikizungushwa na upepo wa kompresa kupita kasi yake inaharibu beringi.

Karafuu_Kavu

Na kiasi cha pesti? Wapo wanaosema punje ya mchele, wapo wanaopaka kama siagi.

Fundi_Mlandege

Punje ya mchele ni ya kompyuta za mezani, zile zina kofia ya chuma juu ya prosesa. Laptop haina kofia, kioo kipo wazi. Paka tabaka jembamba lifunike kioo chote, pembe zote nne, maana pahala palipo wazi panaunguza pake. Kwenye i5-8250U utaona vioo viwili kwenye kibao kimoja: kikubwa ndiyo prosesa kinachogusana na shaba, kidogo ni chipseti, mara nyingi hakiguswi na kipoozeo.

Mpangilio: zima, chomoa chaja, fungua kifuniko, chomoa betri kwanza kabla ya bisibisi kugusa kitu chengine. Skrubu za kipoozeo zimeandikwa namba 1, 2, 3, 4. Legeza kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza, kidogo kidogo, usiitoe moja yote huku nyengine zimekaza, kioo kinavunjika kona. Pesti ya zamani ifute kwa karatasi laini na spiriti ya isopropili ya 90 kwenda juu. Ukikosa, spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 inafanya kazi, ila ina maji, iache ikauke dakika 10 kabla ya kuendelea. Marashi, mafuta ya taa na thina, hapana. Ukifunga, fuata namba kuanzia 1, mzunguko wa kwanza ziguse tu, mzunguko wa pili kaza.

Vile vipande laini vya kijivu au buluu juu ya chipu nyengine usivipakie pesti na usivipoteze. Vina unene wake, 0.5 au 1 milimita, na ukiweka kinene zaidi kinakinyanyua kipoozeo chote, prosesa inakosa mguso. Hilo ndilo kosa ninaloliona kubwa kwa mtu anayefungua laptop ikarudi ina joto kuliko mwanzo.

Pesti yenyewe: Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 zinatosha. Ile nyeupe ya bei rahisi inafanya kazi mwanzo, lakini kwenye kioo kilicho wazi inasukumwa pembeni kila inapopata moto na kupoa, na katikati panabaki pakavu.

Ukhti_Mkoani

Niulize na mimi, nyumba ipo karibu na bahari. Laptop ina Ryzen 5 5500U. Imetulia inasoma 47, ghafla 64, ghafla 48, kama moyo wa mtu aliyekimbia. Na mabati ya kipoozeo, nikimulika na tochi kwenye tundu, yana rangi ya kijani.

Pepo_za_Kusi

Ukhti, ile kuruka ruka isikushughulishe. Ryzen zimetengenezwa zipande mwendo wa juu kabisa kwa sehemu ndogo ya sekunde, zimalize kikazi, zilale tena, na kipimo kinaisoma hiyo hiyo sehemu ya kioo iliyopata moto. Chukua wastani wa dakika 10 kama alivyoelezwa Msewe. Wastani ukiwa 50 kwenye chumba cha 31, hujambo.

Kijani ndiyo ya kushughulikia. Hiyo ni shaba inayoliwa na chumvi. Chumvi ya bahari hunyonya maji kwenye hewa pale unyevu unapofika kama asilimia 75, na ukanda wetu unyevu huo ni wa kila usiku. Kwa hivyo vumbi la pwani halikai kavu kama la bara, linakuwa tope jembamba linaloganda kwenye mabati na kupuliza hakulitoi. Linataka mswaki laini wenye spiriti, mabati yasafishwe mstari kwa mstari, yakaushwe, ndipo yarudishwe. Kwa nyumba ya ufukweni, kila miezi 6. Aliyeko mbali na bahari, mara moja kwa mwaka.

Ukiwa nayo imefunguliwa tizama na ubao, khasa karibu na sehemu ya chaja na USB. Ukiona unga mweupe au kijani kwenye miguu ya vipande, usafishe hapo hapo kwa spiriti. Kipoozeo kikiliwa unabadilisha kipoozeo, ubao ukiliwa unabadilisha laptop.

Na wakati wa kutumia, usiiweke barazani upepo wa bahari unapovuma ukadhani unaipoza. Inapoa, ndiyo, lakini feni inavuta chumvi hiyo ndani.

Msewe_Chake

Na hizi stendi zenye feni chini, zinasaidia? Na je, nikienda kufanya kazi pahala penye AC kali, kuna madhara?

Fundi_Mlandege

Stendi inasaidia pale inapoinua laptop, feni zake zenyewe ni nyuzi chache tu. Vizibo viwili vya chupa ya maji chini ya kona za nyuma vinakupa karibu sentimita moja na nusu ya nafasi, na nusu ya faida ya stendi umeshaipata bure. La muhimu ni usiweke juu ya godoro, mto wala kanga iliyokunjwa. Laptop nyingi zinavuta hewa kwa chini, miguu yake ni milimita 3 mpaka 5 tu, na kitambaa kinaziba yote. Mkeka kwenye sakafu ngumu ni afadhali, ila nyuzi zake zinaingia.

AC haina madhara ukiwa ndani. Tatizo ni kutoka. Laptop iliyokaa masaa kwenye chumba cha nyuzi 20 ukaitoa nje kwenye hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, hewa hiyo huanza kutoa maji inapogusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25. Ni jasho lile lile la chupa ya soda ya baridi, ila hapa linatokea na kwenye ubao. Izime, iweke kwenye mkoba wake, ufunge zipu, subiri nusu saa nje kabla ya kuitoa na kuiwasha. Ukiiingiza kutoka kwenye joto kwenda kwenye AC hakuna cha kusubiri.

Ukhti_Mkoani

Ahsanteni. Wastani wa dakika 10 umetoka 49, chumba 30. Spiriti ya isopropili nimeulizia maduka matatu, ipo ya 70 tu.

Pepo_za_Kusi

Chukua hiyo 70 ukhti. Kwa mabati inatosha kabisa, lakini usiyasafishe yakiwa yamefungwa kwenye mashine, toa kipoozeo chote nje. Ukikitoa, pesti inabidi uipake upya hata kama ilikuwa nzima, haitumiki mara mbili. Kwa hivyo nunua pesti kabla hujafungua, si baada.

Karafuu_Kavu

Yaani mwisho wake pesti imenunuliwa.

Fundi_Mlandege

Ya Mkoani, shekhe. Ya Chake imebaki dukani.